Kijana mwenye kisukari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na wazazi na walezi. Machache huulizwa na vijana wenyewe, kwa kawaida mzazi akiwa ametoka chumbani. Yameanzia ya msingi yakaishia kwenye yale yanayozuka baada ya mwaka mmoja au miwili. Kiasi cha dawa hakimo humu, kwa sababu dozi hupangwa na wahudumu wanaomjua kijana wako.

## Mambo ya msingi

1. Kuna aina ya 1 na aina ya 2. Tofauti hiyo inamhusu nini mwanangu?

Inamhusu sana, kwa kuwa kosa dogo kwa mmoja laweza kuwa la hatari kwa mwingine. Katika aina ya 1, kinga ya mwili imegeuka ikaziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Isipokuwepo, sukari hurundikana kwenye damu huku seli zikifa njaa, na mwili huanza kuyeyusha mafuta yake. Kijana wa aina hii akikosa insulini hata kwa siku moja anaweza kulazwa.

Katika aina ya 2 insulini ipo, ila mwili hauiitikii vizuri, na kongosho huchoka kidogo kidogo. Huenda na ukoo pamoja na uzito, na kwa watoto mara nyingi hujitokeza wakati wa balehe. Hutibiwa kwa vidonge vya metformini, chakula, mazoezi, na pengine insulini pia.

2. Alipenda sana vitu vitamu. Ndiyo sababu?

Kwa aina ya 1, hapana. Hakuna pipi wala soda iliyoileta, na hakuna mzazi ambaye angeizuia kwa kufunga kabati. Kwa aina ya 2, ulaji na uzito vina sehemu yao, lakini wapo vijana chungu nzima wanaokula vivyo hivyo bila kuugua, kwa sababu urithi nao una mkono wake. Lawama hiyo usiitamke hata kwa utani. Kijana haisahau.

3. Atadungwa sindano maisha yake yote?

Mwenye aina ya 1, ndiyo, iwe kwa bomba la sindano, kalamu ya insulini au pampu ya insulini inayovaliwa mwilini. Najua swali hili huulizwa kwa uchungu, kwa hiyo nitaongeza historia kidogo. Kabla ya insulini, mtoto wa aina ya 1 alinyimwa chakula karibu chote ili aongezewe miezi kadhaa ya kuishi. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Sindano ya kwanza haikumfaa sana, kwani dawa ilikuwa na uchafu mwingi. Ikasafishwa, na siku chache baadaye sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi, kwa dawa ya enzi zile ambayo haifikii nusu ya ubora wa hii ya leo. Waelezeni vijana kisa hiki. Wengi hushangaa kusikia kwamba aliyetangulia alikuwa rika lao.

4. Miezi michache baada ya kuanza sindano, dozi imeshuka karibu kuisha. Amepona?

Hajapona, na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Seli chache zilizosalia hupata nafuu sindano zinapoanza, zikatoa insulini yao kwa wiki kadhaa, miezi, hata zaidi ya mwaka. Kipindi hiki huitwa fungate, na kama fungate yoyote, kina mwisho. Aliyempa kijana majani ya kuchemsha wakati huohuo atadai ushindi (angalia swali la 24). Endeleeni na dozi hata ikiwa ndogo namna gani.

## Mwili unaobalehe

5. Chakula ni kilekile, dozi ni ileile. Mbona tangu abalehe sukari haishikiki?

Kwa sababu balehe yenyewe hushindana na insulini. Homoni ya ukuaji, ikisaidiwa na homoni za uzazi, huufanya mwili uitikie insulini kwa uzito. Mtoto aliyekuwa akitumia chini ya uniti 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anaweza kuvuka kiasi hicho akibalehe, na wengine hukaribia uniti 2. Akimaliza kukua, mahitaji hupungua tena.

Dozi ya mwaka jana ni kama viatu vya mwaka jana. Mzazi huona uzembe mahali ambapo mwili umekua tu. Kabla ya kumkalisha kijana kikao, uliza kliniki kama dozi imekuwa ndogo kwake.

6. Analala na sukari nzuri, anaamka nayo juu. Anakula usiku kwa siri?

Huenda, lakini usianzie hapo. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kuuamsha, na ini humwaga sukari kwenye damu. Kwa anayebalehe hali hii huwa kali. Pimeni saa tisa usiku kwa siku mbili tatu, au someni kumbukumbu za sensa, yaani kifaa kinachovaliwa kwenye ngozi na kupima sukari usiku na mchana. Kama saa tisa ilikuwa sawa ikapanda baadaye, ni mambo ya alfajiri. Kama ilikuwa juu tangu saa sita, tazameni chakula cha jioni na dozi yake. Pelekeni majibu hayo kliniki, yana thamani kuliko maelezo marefu.

7. Sukari hubadilika karibu na hedhi. Ni kweli au ni dhana tu?

Ni kweli. Kwa wengi hupanda siku chache kabla ya damu kutoka, kisha hushuka. Aandike tarehe kwa miezi mitatu, na mtindo wake mwenyewe utajionyesha.

## Namba, sindano na dawa

8. Sukari inatakiwa iwe ngapi?

Kwa jumla, kati ya 4 na 10 mmol/L kwa sehemu kubwa ya siku. Mashine inayosoma kwa mg/dL itaonyesha 70 hadi 180; gawanya kwa 18 upate mmol/L. Kwa anayevaa sensa, lengo la kawaida ni kukaa humo zaidi ya asilimia 70 ya muda. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa wengi hulengwa chini ya asilimia 7, ingawa kliniki inaweza kumpangia kijana wako lengo tofauti. Angalia pia kilichomo ndani ya malengo hayo: hakuna anayetarajiwa kukaa sawa saa zote 24.

9. Nikikuta namba mbaya, nimwambie nini?

Kwanza usiite mbaya. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu humu, soma hili.

Mashine ya sukari haipimi tabia. 15 mmol/L inasema kwamba kwa saa hiyo insulini haikutosha, basi. Sababu yaweza kuwa dozi iliyosahauliwa, ndiyo. Yaweza pia kuwa mafua yanayonyemelea, hofu ya mtihani, usingizi wa saa nne, insulini iliyopigwa na jua, ngozi iliyovimba pale anapojidunga, au kimo kilichoongezeka sentimita mbili bila mtu kutambua. Namba ni habari. Ukiipokea kama matokeo ya mtihani, kijana atafanya wanavyofanya wanafunzi wenye matokeo ya aibu, ataficha karatasi. Ataacha kupima, au atapima asiseme.

Jaribu kubadili swali. "Umekula nini tena?" humfanya ajitetee. "Hii tunaifanyaje?" humfanya ahesabu dozi ya kurekebisha na kuchukua maji ya kunywa. Mjadala wa chanzo uahirishwe hadi jioni, sukari ikishatulia, kwa sababu sukari ikiwa juu mtu huwa na kiu, kichwa kizito na hasira za karibu. Wewe mwenyewe usingependa kuhojiwa katika hali hiyo.

Na siku atakapokuja mwenyewe kusema "nina 17", mshukuru kwa kukuambia, kabla ya neno jingine lolote. Najua inavyokuwa vigumu wakati moyo unakudunda kwa hofu. Hata hivyo, siku ile utakayofokea ukweli huenda ndiyo ya mwisho kuambiwa.

10. Nimegundua anaandika namba za uongo kwenye daftari. Nimwadhibu?

Hapana. Dalili yake ni daftari lililojaa 5.8, 6.1 na 6.3 kwa wino mmoja, ilhali HbA1c ni 11. Mashine hutunza kumbukumbu, kwa hiyo ukweli haukosekani, lakini usiugeuze kuwa mtego mbele ya daktari. Mwambie faraghani kwamba unajua, kisha jiulize alikuwa akiogopa nini. Mara nyingi jibu liko katika swali la 9 au la 19. Kwa wiki kadhaa pimeni pamoja, kama zamani, bila kuiita adhabu.

11. Hujidunga mahali pamoja kwa sababu hapaumi. Kuna ubaya?

Upo. Hapaumi kwa kuwa pameota uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia hapo hunyonywa polepole na bila mpango. Papaseni, mtauhisi. Abadilishe mahali: tumbo, mapaja, matako, nyuma ya mikono. Tahadhari moja: akihamia kwenye ngozi nzima, dozi ileile inaweza kumshusha sana, hivyo apime mara nyingi zaidi na kliniki ijulishwe.

12. Insulini itunzwe wapi?

Isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Inayotumika yaweza kukaa nje kwenye ubaridi wa chumba kwa takriban wiki 4. Muda na joto linalovumiliwa hutofautiana, soma karatasi iliyomo kwenye pakiti. Pasipo na jokofu, chungu cha udongo kilicholoweshwa na kuwekwa kivulini husaidia, dawa ikiwa ndani ya kitu kisichopitisha maji. Ndani ya gari lililofungwa juani, kamwe.

## Hatari

13. Nitajuaje sukari imeshuka, na nifanye nini?

Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) imeshuka. Kijana hutetemeka, hutoka jasho la baridi, husikia njaa ya ghafla, hukasirika bila sababu au huongea ovyo. Kama huwezi kupima papo hapo, chukulia imeshuka.

Mpe takriban gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vidonge vya glukosi, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au kama mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Subirini dakika 15, pimeni, rudieni kama bado iko chini. Chokoleti si chaguo zuri, mafuta yake huichelewesha sukari. Ikipanda na mlo uko mbali, ale kitu chenye wanga. Usimtume dukani akajinunulie soda, na usimwache peke yake.

14. Akizimia au akipata degedege?

Usimtie kitu chochote mdomoni, anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu. Kama mna glukagoni, dawa ya dharura inayopandisha sukari, ya sindano au ya puani, mpe. Ita msaada wa dharura au mpelekeni hospitali mara moja. Insulini asidungwe.

15. Anaumwa na hali chochote. Tusimamishe insulini?

Kwa aina ya 1, jibu ni hapana, na ningeliandika ukutani kama ningeweza. Ugonjwa hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa kliniki, lakini insulini ya muda mrefu, ile inayofanya kazi polepole mchana na usiku, haiachwi. Pimeni sukari kila baada ya saa mbili hadi nne, anywe maji kidogo kidogo, na sukari ikipita 14 mmol/L au akitapika pimeni ketoni, yaani tindikali ambazo mwili hutoa unapoyeyusha mafuta yake. Ketoni za damu chini ya 0.6 ni za kawaida. Zikizidi 1.5 pigeni simu kliniki bila kungoja, zikifika 3 nendeni hospitali.

Hamna kipimo cha ketoni? Tazameni mwili. Kutapika mfululizo, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka, harufu kama ya matunda mdomoni, usingizi usio wa kawaida: hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, wala msingoje kupambazuke. Wengi hudhani ni chakula kibovu, na saa zinapotea.

## Shule na michezo

16. Nani aambiwe shuleni?

Walimu wake, mwalimu wa michezo, na rafiki mmoja au wawili ambao kijana atawachagua mwenyewe. Karatasi moja yatosha: dalili za kushuka, sukari yake iko mfuko upi, simu ya nani ipigwe. Ombeni apewe ruhusa ya kupima na kula darasani, kunywa maji, na kwenda chooni bila maswali. Ombeni mapema pia kuhusu mitihani, kwani aliyeshuka hafikiri sawasawa hadi sukari irudi.

17. Aache michezo?

Asiache. Mazoezi huusaidia mwili kuitumia insulini, na faida hiyo ni kubwa zaidi kwa aina ya 2.

Anayetumia insulini inabidi ajue mambo mawili. Mbio ndefu au mpira wa dakika tisini hushusha sukari, ilhali mbio fupi za kasi na vyuma vizito huweza kuipandisha kwa muda. La pili huwashtua wengi: sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mchezo, usiku akiwa amelala. Apime kabla ya kulala siku ya mechi. Akianza akiwa chini ya 5 ale kidogo kwanza. Akiwa na ketoni asicheze kabisa.

## Kumkabidhi usukani

18. Ajisimamie akiwa na umri gani?

Hakuna umri. Mikono ya mtoto wa miaka 10 inaweza kudunga sindano vizuri kabisa, lakini kukumbuka, kupanga na kukubali kuchoshwa na jambo lilelile kila siku ni kazi ya ubongo ambao bado unakua. Kosa ninaloliona zaidi ni kukabidhi yote siku moja, "sasa umekuwa mkubwa", kisha kurudi baada ya miezi sita kukuta HbA1c imeruka.

Kabidhi kipande kimoja kimoja. Aanze na kupima, kisha kuhesabu wanga ulio kwenye mlo na wewe ukithibitisha, kisha dozi ya mchana. Insulini ya usiku ibaki mikononi mwako muda mrefu kuliko unavyodhani, hata kama kazi yako ni kuwa mezani tu anapojidunga. Akiyumba, rudisheni kipande hicho kwa muda.

19. Amechoka. Anasema hataki tena kusikia habari za sukari.

Anasema kweli. Ugonjwa huu hauna likizo, na hata mtu mzima huuchoka. Usimjibu kwa habari za macho na figo. Ameshazisikia, na hofu huwafanya vijana wengi wakimbie kuliko wajitunze. Mpe mapumziko ya kweli: mwisho wa juma mmoja wewe ubebe kupima, kuhesabu na kuandika, yeye atoe kidole na ngozi tu. Mkutanishe na vijana wenzake wenye kisukari kama wapo. Mada nyingine zirudi mezani pia, maana kuna nyumba ambamo kijana haulizwi chochote ila sukari.

Uchovu ukigeuka kuwa huzuni ya wiki mbili au zaidi, kujitenga, kukosa usingizi au maneno ya kutamani kufa, tafuteni msaada wa afya ya akili mara moja. Mtu mwenye insulini mkononi akisema anataka kufa, maneno hayo yachukuliwe kwa uzito wote, na dawa ishikwe na mtu mwingine.

20. Nashuku anaruka sindano ili apungue mwili.

Hutokea, hasa kwa wasichana, ingawa wavulana hawajaepuka. Bila insulini sukari hutoka na mkojo na uzito huporomoka, lakini njia hiyo huishia kwenye ketoni za swali la 15. Dalili: HbA1c inapanda huku uzito ukishuka, anakataa kupimwa uzito, anajidunga akiwa peke yake tu. Kukemea hakusaidii, huu ni ugonjwa wa ulaji na unahitaji daktari pamoja na mshauri. Nanyi nyumbani acheni kuuzungumzia mwili wake, hata kwa kusifu.

## Maswali ambayo vijana huuliza wenyewe

21. Nikinywa pombe itakuwaje?

Ushauri ni usinywe, na umri wako pengine haukuruhusu. Ukweli utakaokuweka hai ni huu: ini linaposhughulika na pombe huacha kutoa sukari, kwa hiyo unaweza kushuka saa nyingi baadaye, hadi kesho yake asubuhi, na glukagoni huenda isifanye kazi vizuri. Watu watakuona umelewa kumbe umeshuka. Kama imeshatokea, kula, pima kabla ya kulala, na mwambie mtu aliye karibu kwamba una kisukari, akuamshe.

22. Nimwambie mpenzi wangu? Na nitaweza kuzaa?

Kumwambia ni uamuzi wako, ila anayekaa nawe muda mrefu ajue dalili za swali la 13. Kuzaa, ndiyo, wenye kisukari huzaa watoto wenye afya. Kwa msichana, sukari ya juu katika wiki za mwanzo za mimba huongeza hatari ya mtoto kuumbika vibaya, na wiki hizo hupita kabla hujajua. Ndiyo maana mimba ipangwe. Zungumza na muuguzi peke yako kuhusu kuzuia mimba. Una haki ya kuomba mzazi atoke nje kidogo.

23. Nataka kufunga kwa ajili ya ibada.

Mwenye aina ya 1 kwa kawaida hushauriwa asifunge. Ukiamua kufunga, panga na daktari wiki kadhaa kabla, uendelee kupima mchana, na ufungue papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6 mmol/L, hata kama zimebaki dakika kumi.

24. Bibi ana dawa ya miti inayoponya. Nijaribu?

Usimvunjie bibi heshima, na usiache insulini. Hakuna mmea unaorudisha seli zilizokufa katika aina ya 1. Kwa aina ya 2, baadhi ya mimea inaweza kushusha sukari na kuongezea nguvu vidonge unavyomeza, hivyo mwonyeshe daktari unachokunywa kabla sukari haijakuangusha.

25. Naambiwa nihamie kliniki ya watu wazima. Nifanye nini?

Usiondoke kabla hujapewa tarehe ya miadi mpya, maana wengi hupotea katikati, wakarudi baada ya mwaka wakiwa wamelazwa. Beba muhtasari wa historia yako: aina ya kisukari, dozi za sasa, HbA1c za karibuni, tarehe ya mwisho ya kupimwa macho na mkojo kwa ajili ya figo. Kama vipimo hivyo hukumbuki vilifanyika lini, viombe kabla ya kuondoka. Kwa mwenye aina ya 2 huanza siku ya kugundulika. Kwa aina ya 1 huanza miaka michache baadaye, kwa kawaida kuanzia umri wa kubalehe. Na uliza mapema ni nani utampigia simu usiku, kwa sababu muuguzi uliyemzoea hatakuwepo huko.